Somo: Kukusanya kadi za QSL za zamani za Afrika Mashariki

Kadi ya QSL ni kadi ya posta ambayo mwendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani mtu anayewasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara, humpelekea mwenzake kuthibitisha kwamba walisikilizana hewani siku fulani, saa fulani, kwenye masafa fulani. QSL ni mojawapo ya vifupisho vya watu wa Morse, wale wanaowasiliana kwa nukta na vistari. Maana yake ni "nimepokea, nathibitisha". Somo hili linahusu kadi zilizotoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na majirani zao hadi katikati ya miaka ya 1970. Ni uwanja mdogo, mipaka yake inaeleweka, na mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kuujua vizuri. Anayeanza na kadi za dunia nzima huishia kuwa na maboksi tu, bila mkusanyo.

Shika jambo moja kabla ya yote: kadi ina pande mbili, na zote mbili ni za kuhifadhiwa. Picha ya twiga au ramani ya Afrika ndiyo inayovutia wanunuzi, lakini thamani ya kadi iko kwenye mwandiko, stempu na mhuri wa posta.

Hatua ya 1: Jifunze herufi za nchi

Kila kituo kina alama ya mwito, na mwanzo wa alama hiyo unataja nchi. Enzi za ukoloni wa Mwingereza, VQ1 ilikuwa Zanzibar, VQ3 Tanganyika, VQ4 Kenya na VQ5 Uganda. Kongo ya Wabelgiji ilitumia OQ5, na Ruanda-Urundi OQ0. Ukikutana na VQ6 ni Somalia ya Waingereza, VQ8 ni Mauritius, VQ9 ni Shelisheli.

Baada ya uhuru zikaja 5H3 kwa Tanganyika na baadaye Tanzania Bara, 5H1 kwa Zanzibar, 5X5 kwa Uganda, 5Z4 kwa Kenya, 9Q5 kwa Kongo, 9X5 kwa Rwanda na 9U5 kwa Burundi. Zipo kadi za kipindi hicho ambazo VQ imekatwa kwa kalamu na alama mpya ikapigwa mhuri juu yake, kwa sababu mwenye kituo alikuwa bado ana kadi za zamani. Hiyo si kasoro. Kadi ya namna hiyo inaonyesha nchi ikibadilika, na binafsi naiweka mbele ya kadi safi ya mwaka huohuo.

Zanzibar ina uzito wake. Kwenye orodha ya nchi ya DXCC, tuzo ya waliowasiliana na nchi nyingi, inayotolewa na chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, ARRL, Zanzibar ilihesabiwa peke yake hadi tarehe 31 Mei 1974, kisha ikafutwa. Ruanda-Urundi ya 9U5 ilihesabiwa kwa miaka miwili tu, kuanzia 1 Julai 1960 hadi 30 Juni 1962. Kwa hiyo tarehe ya mawasiliano hubadilisha bei ya kadi. Soma tarehe kabla ya kutaja bei.

Hatua ya 2: Tafuta panapostahili

Hapa wengi hupotea. Kadi ya VQ4 haikubaki Nairobi. Ilitumwa kwa yule aliyesikika upande wa pili. Kwa hiyo kadi za vituo vyetu ziko Uingereza, Marekani, Ujerumani, Japani na Afrika Kusini, kwenye maboksi ya marehemu waliokuwa waendeshaji. Zilizobaki huku kwetu ni kadi za wageni walizopokea waendeshaji wa huku. Zote mbili ni sehemu ya historia yetu, ila hutafutwa mahali tofauti.

Za nje: minada ya mtandaoni, wauzaji wa stempu, na maonyesho makubwa ya redio kama ya Friedrichshafen, Ujerumani, au Hamvention kule Ohio, Marekani. Kwenye minada usiandike "Afrika Mashariki" peke yake. Andika VQ1, VQ3, VQ4, VQ5, "Tanganyika" na "Zanzibar" kila moja kivyake, maana wauzaji wa stempu huorodhesha kadi hizi kama kadi za posta za kawaida, bila kujua QSL ni nini. Za ndani: familia, masoko ya vitabu vya zamani, na vyama vya redio kama Amateur Radio Society of Kenya.

Ukinunua fungu zima, uliza lisipangwe upya. Mpangilio wa mwenye nazo huonyesha aliongea na nani na lini.

Hatua ya 3: Isome kadi

Tafuta vitu sita: alama ya mtumaji, alama ya mpokeaji (mara nyingi baada ya maneno "To Radio"), tarehe, saa kwa GMT, bendi (fungu la masafa) au masafa yenyewe, na ripoti ya usikivu. Ripoti ya tarakimu tatu, kama 599, ni ya Morse. Ya tarakimu mbili, kama 59, ni ya sauti. Mfumo huo huitwa RST (usomekaji, nguvu na toni), na ulianza mwaka 1934. Kabla ya hapo utakuta QSA na R, kwa mfano QSA5 R8. Kadi inayodai kuwa ya 1930 huku ina ripoti ya 599, iweke pembeni kwanza.

Pembeni utaona "PSE QSL" au "TNX QSL". La kwanza linaomba kadi, la pili linashukuru kwa kadi iliyokwisha fika. 73 ni salamu za kuagana.

Tarehe ni mtego. 4/7/56 kwa Mwingereza ni tarehe 4 Julai, kwa Mmarekani ni Aprili 7. Mhuri wa posta ndio unaoamua, ukikumbuka kwamba kadi inaweza kutumwa miezi mingi baada ya mawasiliano. Isichoweza ni kutumwa kabla yake.

Kama tarehe imefutika, tumia haya:

Stempu. Zenye maneno Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja zilianza 1935. Sura ya Malkia Elizabeth wa Pili haiwezi kuwa ya kabla ya 1952. Tanganyika huru ilitoa stempu zenye maneno "Uhuru 1961".

Alama za Wamarekani. Alama inayoanza na namba tupu, bila W wala K mbele, ni ya kabla ya Oktoba 1928. Anwani yenye "ZIP", namba ya posta ya Marekani, ni ya 1963 au baadaye.

Bendi. Mita 15 (21 MHz) ilifunguliwa kwa Wamarekani mwaka 1952. Bendi za mita 30, 17 na 12 zilitokana na mkutano wa dunia wa masafa ya redio wa 1979, kwa hiyo kadi ya bendi hizo iko nje kabisa ya kipindi chetu.

Vita. Waingereza walinyang'anywa leseni 1939 na kuzirudishiwa 1946. Wamarekani walifungiwa Desemba 1941 hadi Novemba 1945. Kadi ya mtu binafsi wa huko yenye tarehe ya 1943 inadai maelezo.

Hatua ya 4: Ipime kama ni halisi

Unahitaji kioo cha kukuza mara 10 na tochi ya UV, ile ya kukagulia noti. Kadi nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilichapwa kwa herufi za risasi. Pitisha kidole nyuma ya alama ya mwito, au ilaze kadi mwanga uipige kwa ubavu: utaona herufi zimezama kidogo kwenye karatasi. Ukiona chini ya kioo vitone vya rangi vilivyotawanyika hovyo hadi ndani ya herufi nyeusi, hiyo ni printa ya wino ya nyumbani.

Kisha zima taa uwashe UV. Karatasi yenye kemikali za kung'arisha hutoa mwanga wa buluu-nyeupe mkali, na kemikali hizo zilienea kuanzia miaka ya 1950. Kadi ya "1936" inayong'aa hivyo ni nakala. Ila kutong'aa peke yake hakuthibitishi kitu, maana karatasi ya zamani isiyotumika bado inapatikana.

Angalia pia kama kadi imejazwa. Kadi tupu, isiyo na mpokeaji wala tarehe, ni bidhaa ya mchapishaji tu. Haithibitishi mawasiliano yoyote, na bei yake iwe chini sana.

Hatua ya 5: Hifadhi, hasa ukiwa pwani

Hapa ndipo kadi nyingi zinafia. Karatasi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 50. Mombasa, Tanga na Unguja mara nyingi huvuka 70, na kuvu huanza kustawi hapohapo.

Ondoa kwanza rababendi, pini na klipu. Klipu ikiwa imeshika kutu, usiivute: ingiza kipande cha plastiki nyembamba kati yake na kadi, kisha ifungue taratibu. Selotepu ya zamani iache ilivyo. Ukiibandua unaondoka na uso wa karatasi.

Kila kadi iingie kwenye kifuko cha poliesta au polipropilini. Epuka PVC, ile plastiki laini yenye harufu kama ya pazia jipya la bafu. Vilainishi vyake hutoka polepole, hulowesha wino na kuugandisha kwenye plastiki. Kadi za kawaida ni sentimita 9 kwa 14, kwa hiyo mifuko ya albamu ya picha za sentimita 10 kwa 15 inatosha. Leminesheni usiiguse kabisa, haina kurudi nyuma.

Weka vifuko ndani ya boksi la plastiki lenye mpira wa kuzibia kwenye kifuniko. Kwa boksi la lita 10 anza na gramu 100 za silika jeli (punje za kufyonza unyevu) ndani ya kitambaa, pamoja na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Soma kipimo baada ya siku tatu. Kikibaki juu ya 50, ongeza jeli. Kikishuka chini ya 30, punguza, maana karatasi kavu mno hujikunja na kukatika pembeni. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Ile ya buluu ina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiikaushe kwenye oveni ya kupikia.

Fungu jipya lisiingie moja kwa moja na mengine. Kama kuna dalili za wadudu, lifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, liweke kwenye friza wiki mbili. Likitoka, liache saa 24 bila kufungua, vinginevyo umande utatua juu ya kadi zenyewe.

Hatua ya 6: Skani na orodhesha

Skani pande zote mbili kwa dpi 600, hifadhi TIFF kwa kumbukumbu na JPEG kwa kuonyesha watu. Jina la faili lianze na alama ya mtumaji, kisha tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kisha A kwa mbele au B kwa nyuma. Kwenye orodha ongeza umeipata wapi na kwa bei gani. Namba ya orodha iandike kwa penseli laini kwenye kifuko au kwenye karatasi ya pembeni, kamwe isiwe peni juu ya kadi.

Maswali ya wanachama

Swali, Tanga: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kadi kama arobaini zilizolowa mvua, zimekauka zikiwa zimegandana. Nizivute?

Jibu: Marahaba. Usivute. Chukua boksi lenye kifuniko, weka sponji yenye maji kwenye kisahani, na juu ya wavu mdogo weka fungu la kadi bila kugusa maji. Funika, kagua kila saa. Karatasi ikilegea, pitisha kipande chembamba cha plastiki kati ya kadi mbili. Kabla ya hayo jaribu wino: gusisha ncha ya pamba yenye maji kwenye nukta moja ya mwandiko. Wino ukitoa rangi, acha. Na zile zenye uso wa picha unaong'aa zipelekee mtaalamu wa nyaraka, maana uso ule hugeuka gundi ukipata unyevu.

Swali, Nairobi: Mimi hukusanya stempu. Kuna ubaya gani nikizitoa stempu kwa maji na kubakiza kadi?

Jibu: Unaua vyote viwili, ndugu. Stempu iliyo juu ya kadi, na mhuri unaogusa stempu na kadi pamoja, inaonyesha njia, gharama ya posta na tarehe. Hata wenzako wa stempu wanailipia zaidi ikiwa hivyo. Ukizihitaji stempu tu, badilishana na mtu.

Swali, Muscat: Nimeona kadi ya VQ1 inauzwa, haina stempu wala mhuri wa posta. Muuzaji anaapa ni halisi. Nimwamini?

Jibu: Kukosa stempu si dosari. Vyama vya redio vina ofisi za kusambaza kadi. Mwanachama hupeleka kadi zake kwa pamoja, nazo husafiri kwa mafungu hadi chama cha nchi nyingine. Hizo hazina stempu kabisa, ingawa nyingine zina mhuri wa ofisi hiyo. Mwombe picha ya pande zote mbili, na picha nyingine ya kadi ikimulikwa kwa ubavu. Akikataa ya pili, mwache.

Swali, Dodoma: Kadi yangu ya 5Z4 ya mwaka 1965 imeandikwa 2215 GMT, tarehe 3 Machi. Kwa saa zetu ni lini?

Jibu: Ongeza saa tatu: ni 01:15, yaani saa saba na robo usiku, na tarehe tayari ni 4 Machi. Kwenye orodha andika tarehe ya GMT kama ilivyo. Ukiibadilisha, kadi yako haitalingana na daftari la kituo cha upande wa pili.

Swali, Kampala: Lazima niwe na leseni ya redio?

Jibu: Kukusanya hakuhitaji leseni. Kurusha mawimbi hewani ndiko kunakohitaji, na huko kwenu utaiomba UCC, tume ya mawasiliano. Tanzania ni TCRA, Kenya ni Communications Authority.

Swali, Mombasa: Naruhusiwa kuweka picha za kadi zangu mtandaoni?

Jibu: Weka, ila funika anwani ya nyumbani na namba ya simu pale ambapo mwenyewe au familia yake huenda bado wanaishi hapo. Funika kwenye nakala ya JPEG tu. TIFF ibaki kama kadi ilivyo.