Namna ya Kutumia Mafuta ya Kunukia Kufukuza Mbu na Wadudu Wengine

Mafuta ya kunukia ya mimea hufukuza wadudu kwa sababu huruka hewani, na kwa sababu hiyohiyo hayadumu. Anayelielewa jambo hili atayachanganya vizuri, atayapaka kwa wakati wake na hatayatwisha kazi yasiyoiweza. Asiyelielewa atanyunyizia chumba kizima jioni, kisha ataamka alfajiri akijikuna.

Mbu jike humtafuta binadamu kwa kufuata kaboni dioksidi iliyomo katika pumzi, joto la mwili na harufu za ngozi, ikiwemo ya asidi laktiki inayopatikana katika jasho. Mvuke wa mafuta unapopanda kutoka kwenye ngozi huvuruga vipokezi vya harufu vilivyo kwenye papasi za kichwani mwake, naye hushindwa kumtambua aliyekuwa akimfuata, au hukereka na kugeuka. Hafi. Tena kinga hiyo haifiki mbali, kwani ukipaka mikono na shingo ukasahau vifundo vya miguu, atavishukia vifundo hivyo bila kusita.

Kuchagua mafuta

Sitronela hukenekwa kutokana na nyasi mbili zilizo ndugu wa mchaichai, Cymbopogon nardus na Cymbopogon winterianus, na imesajiliwa nchini Marekani kuwa dawa ya kufukuza wadudu tangu mwaka 1948. Umri huo usimdanganye mtu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002 katika jarida la New England Journal of Medicine, ambapo watu waliingiza mikono yao ndani ya vizimba vyenye mbu, bidhaa za sitronela zilikinga kwa wastani wa chini ya dakika 20, ilhali bidhaa yenye DEET, dawa ya kufukuza wadudu inayotengenezwa viwandani, kwa kiwango cha asilimia 23.8 ilikinga kwa takriban saa 5. Sitronela, basi, inamfaa mtu anayekaa kibarazani kwa muda mfupi huku chupa ikiwa karibu naye ili apake tena.

Mkaratusi wenye harufu ya limau, unaojulikana kisayansi kama Corymbia citriodora, ndio unaosifiwa zaidi, lakini jina lake lina mtego. Mafuta yanayokenekwa moja kwa moja kutoka kwenye majani yake yamejaa sitronelali, ambayo huruka upesi. Yakifanyiwa kazi kiwandani hupatikana humo kiambato kizito zaidi kiitwacho PMD, ambacho hukaa kwenye ngozi kwa saa kadhaa. Bidhaa za aina hiyo ya pili zimo katika orodha ya dawa za kufukuza mbu zinazopendekezwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa sharti kwamba wasipakwe watoto walio chini ya miaka 3. Kwa hiyo usiridhike na picha ya jani iliyo kwenye chupa. Geuza lebo utafute herufi PMD, na usipoziona, chukulia kwamba unachokishika mkononi ni manukato tu.

Karafuu ina yujenoli, kitu kinachowakera mbu vya kutosha na kisichokimbia haraka kama sitronela. Ubaya wake ni kwamba huchoma ngozi, na ndiyo sababu huwa sizidishi matone 3 katika mililita 30 za mafuta ya kuchanganyia. Mchaichai wenyewe ningeuacha kwa kazi za nyumbani, kwa kuwa sitrali iliyomo huwaletea watu wengi upele.

Kuchanganya kwa ajili ya ngozi

Mafuta ya kunukia hayapakwi yakiwa matupu. Hutiwa katika mafuta mazito yasiyoruka, kama ya nazi, alizeti au ufuta, ambayo hulinda ngozi na wakati huohuo huchelewesha kidogo ule mvuke usiishe wote mara moja. Mililita 1 ni sawa na takriban matone 20, ingawa ukubwa wa tone hutegemea kitoneshi cha chupa. Kwa mchanganyiko wa asilimia 2, chukua mililita 30 za mafuta mazito, tia matone 9 ya sitronela na matone 3 ya karafuu, funga chupa, kisha uigeuzegeuze taratibu. Watu hupenda kuongeza matone wakidhani kwamba wanaongeza saa za kinga, kumbe wanachokiongeza zaidi ni mwasho.

Kabla ya kujipaka mwili mzima, paka kiasi cha kidole ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Pakiwa pekundu au pakiwasha, mchanganyiko huo haukufai. Pasipoonyesha dalili yoyote, paka kila sehemu iliyo wazi isipokuwa macho, midomo, vidonda na viganja vya watoto, maana viganja huishia mdomoni. Rudia baada ya nusu saa hadi saa moja, na mapema zaidi ukitoka jasho. Mafuta ya limau, ndimu na bergamoti yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda yasitiwe humu kabisa ikiwa utatoka juani, kwani mwanga wa jua hukutana nayo kwenye ngozi na kuleta michomo inayoacha madoa kwa wiki nyingi.

Kosa la maji

Maelekezo mengi husema utie matone katika chupa ya maji, utikise, kisha unyunyize. Jaribu jambo hilo katika chupa inayoonyesha ndani. Matone ya mafuta mengi hutanda juu kama utando unaong'aa; ukitikisa, maji hugeuka meupe kama maziwa kwa kitambo kidogo, halafu ule utando hurudi na kujikusanya ukingoni mwa kioo. Bomba la chupa ya kunyunyizia hunyonya kutoka chini, hivyo mwanzoni unanyunyiza maji yenye harufu hafifu, na chupa inapokaribia kwisha unanyunyiza mafuta yasiyochanganywa. Mtu aliyejirashia usoni yale ya mwisho hatasahau.

Dawa ni kuyakoroga mafuta kwanza na kijiko cha chai cha sabuni ya maji, kisha kuongeza maji kidogokidogo hadi nusu lita. Mchanganyiko huo ni wa meza, sakafu na fremu za madirisha, si wa ngozi.

Sisimizi na nondo

Sisimizi hufuatana kwa njia ya harufu ambayo wenzao wameiacha chini, kwa hiyo anza kwa kuifuta njia yenyewe kwa maji ya sabuni, kisha pitisha kitambaa chenye mchanganyiko wa mnanaa au karafuu mahali hapohapo. Ukiinama kutazama utaona wa mbele akifika kwenye ule mstari, akisimama, akipapasa huku na huku, kisha akirudi alikotoka huku wa nyuma yake wakigongana naye. Ni jambo la kufurahisha kulitazama, lakini kiota chao hakijaguswa. Harufu ikiisha watarudi, labda kwa ufa mwingine, usipouziba ufa na kuondoa kilichowaita.

Nondo wa nguo ndio wanaoshughulikiwa vyema zaidi na mafuta haya, kwa sababu sanduku lililofungwa huuzuia mvuke usitoroke. Wanaokula sufu ni viwavi, wala si nondo wanaoruka, hivyo fua au piga brashi nguo zote kwanza ili kuyaondoa mayai. Kisha dondosha matone machache ya mwerezi au lavenda kwenye kipande cha mbao au pamba, ukiweke ndani pasipo kugusa kitambaa kisije kikapata doa, na uongeze matone kila harufu inapofifia.

Kunguni na mende usiwapotezee mafuta, kwani hujificha katika nyufa ambamo harufu haiwafikii kwa kiasi cha kutosha. Mafuta ya mwarobaini nayo ni ya jamii nyingine: ni mazito, hayaruki, na kiambato chake, azadiraktini, huwazuia wadudu wa mimea kula na kukua. Koroga mililita 5 na sabuni kidogo katika lita 1 ya maji, unyunyize majani jioni, kwa kuwa jua hukiharibu kiambato hicho.

Tahadhari

Penye malaria, lala ndani ya chandarua chenye dawa hata kama umejipaka. Mbu wanaoeneza malaria huuma hasa usiku, wakati mchanganyiko uliopakwa saa mbili usiku umekwisha kuruka wote na mwenyewe hayuko macho kuurudia. Dengi nayo huenezwa na mbu wanaouma mchana, na kwao ni salama zaidi kutumia bidhaa iliyopimwa.

Paka wasiwe katika chumba kinachofukizwa mafuta haya, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunjavunja viambato kama yujenoli. Mtoto akimeza mafuta ya mkaratusi au ya kafuri, ambayo wengine huiita karafuu maiti na hivyo kuichanganya na karafuu ya kawaida, anaweza kupata degedege. Usimtapishe, mpeleke hospitali pamoja na chupa aliyoinywa.

Hifadhi mafuta katika chupa za kioo cha kahawia, mahali pa baridi pasipo na mwanga, mbali na moto kwa kuwa hushika upesi. Vyombo vya plastiki nyepesi havifai, maana baadhi ya mafuta huviyeyusha. Andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua. Mafuta ya jamii ya michungwa yanapokutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika na kuanza kuwasha hata ngozi iliyoyazoea, kwa hiyo harufu yake ikigeuka na kuwa kama ya rangi ya kupaka ukutani, usiyapake tena mwilini.