Unapobadilisha spika, soma omu kabla ya wati

Wengi wanaoniletea bafle (masanduku ya spika) za kanisa hapa Birere, mtaa wa Goma, huja na spika mpya tayari mkononi. "Fundi, ile ya zamani ilikuwa inchi 15, na hii pia ni 15." Wengine wameinunua kwa sababu stika ya nyuma imeandikwa wati 1000. Inchi zinakuambia tu kwamba spika itaenea kwenye tundu. Kama amplifaya itaimudu, hilo uliza omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme.

Kwanza hakikisha spika ndiyo mbovu. Zima mashine, itoe spika, chomoa waya zake zote mbili. Ukipima zikiwa bado zimeungwa, mita ya umeme itasoma na krosova (saketi inayogawa sauti nene na nyembamba) na spika jirani. Spika ya omu 8 haitakuonyesha 8, itakuonyesha kati ya 5.5 na 7, kwa kuwa mita inapima ukinzani wa koili peke yake, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Ya omu 4 husoma 3 na ushee. Mita isiposoma chochote, usiitupe haraka. Sukuma karatasi ya mbele ya spika taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote sawa, mwenzako akishikilia nyaya za mita. Namba ikija na kupotea, kagua zile nyuzi laini zinazotoka kwenye vituo vya kuungia waya kwenda kwenye karatasi. Zikikatika, lehemu kidogo inatosha. Ukisikia mkwaruzo na harufu ya kuungua, hapo koili imekwisha.

Sasa omu. Tuseme bafle ina spika mbili za omu 8 zilizoungwa sambamba: amplifaya inaona omu 4. Weka ya omu 4 mahali pa moja, jumla inashuka hadi 2.7 hivi. Amplifaya iliyoandikwa nyuma "kiwango cha chini omu 4" itachemka, na ibada ikirefuka itazimika au kuungua. Isitoshe, hiyo spika mpya itavuta nguvu mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo 8 ibadilishwe kwa 8. Nalisisitiza hili kwa sababu kanisa huchanga pesa kwa miezi kununua amplifaya moja.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, nayo ina siri yake. Kapasita yake, kifaa kidogo kinachozuia sauti nene, ikiwa imechaguliwa kukata sauti zilizo chini ya hezi 4000 kwa twita ya omu 8 itakata kwenye 8000 ukiweka ya omu 4. Katikati panabaki pengo, na maneno ya kwaya hayasikiki vizuri hata ukiongeza sauti.

Kabla ya kufunga, futa meza. Vumbi letu jeusi la lava lina chembe za chuma, sumaku inazivuta, na zikiingia kwenye mwanya wa koili hazitoki. Bisibisi pia huvutwa: kinga karatasi kwa kiganja. Kaza skrubu kwa kuvuka, upande huu kisha wa pili, kidogo kidogo.

Kuhusu chanya na hasi, gusisha betri ya volti 1.5 kwa muda mfupi tu. Karatasi ikitoka nje, kituo kilichogusa chanya ndicho chanya. Halafu washa kwa sauti ya chini na usimame katikati ya bafle mbili. Besi ikiwa nyembamba, geuza waya za spika mpya.