Picha za Vinia kwa Oda: Kutoka Mchoro Hadi Mauzo

Watu wa pwani wanaifahamu njumu kutokana na viti vya enzi, ambavyo mafundi walivipamba kwa vipande vya mfupa na pembe vilivyopachikwa ndani ya mbao iliyochimbwa. Picha ya vinia ni jamaa ya njumu, ila hapa hakuna kinachochimbwa: mbao nyembamba kama karatasi, ambazo kwa kawaida zina unene wa milimita 0.6 hivi, hukatwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu hadi zitoe picha, kisha picha nzima hugandishwa juu ya ubao. Nitafuata oda moja tu, picha ya jahazi ya sentimita 30 kwa 40, kwa kuwa anayeiweza hiyo ataiweza pia trei au kifuniko cha sanduku.

Anza na mchoro. Chora kwa mistari mitupu, kila eneo lililofungwa na mstari liwe kipande kimoja cha mbao, na uhesabu vipande kabla ya kutaja bei, kwa sababu kinachokula muda ni idadi ya vipande kuliko ukubwa wa picha. Tanga la vipande 6 na tanga la vipande 40 ni kazi mbili tofauti hata vipimo vikilingana. Mteja akiukubali mchoro, autie sahihi na alipe nusu ya bei. Mabadiliko yatakayoombwa baada ya hapo yalipiwe peke yake.

Rangi zitoke kwenye mbao zenyewe: mninga kwa ubavu wa jahazi, mtiki kwa mbingu ya jioni, mpingo kwa mlingoti na foromali (mti unaoshikilia tanga), na mbao yoyote nyeupe kwa tanga. Mwelekeo wa nyuzi una uzito uleule wa rangi. Nyuzi zinazolala huonekana kama maji yaliyotulia, na zile zinazofuata mkunjo wa tanga hulifanya lionekane limeshika upepo.

Kwa anayeanza, njia nyepesi ni ya dirisha. Katika vinia ya mandhari kata tundu lenye umbo la tanga kwa wembe wa upasuaji namba 11, ukipitisha wembe mara tatu au nne kwa mkono mwepesi badala ya kukandamiza mara moja. Weka vinia nyeupe chini ya tundu, igeuzegeuze mpaka nyuzi zikae utakavyo, ibane kwa utepe, kisha fuata ukingo wa tundu kwa ncha ya wembe. Kipande kikishakatwa kitaingia bila kuacha mwanya. Ukifanyia kazi upande wa nyuma, geuza mchoro kwanza, hasa kama jahazi lina jina ubavuni, la sivyo litasomeka kinyumenyume.

Kivuli cha tanga hakipakwi rangi. Pasha mchanga laini na mkavu katika kikaango, chomeka ukingo wa kipande kwa sekunde 5 hadi 10, utoe, utazame. Jaribu kwanza kwenye mabaki, na uache kivuli kikolee zaidi kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa msasa utakipunguza.

Picha ikikamilika, funika uso wake kwa utepe wa karatasi, paka ubao wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) gundi nyeupe na ubane kwa klampu kati ya mbao mbili nene, ukitanguliza nailoni ili gundi isishike mbao hizo. Nyuma nako kuvikwe vinia siku hiyohiyo. Picha yangu ya kwanza ya oda niliiacha tupu nyuma ili niokoe vinia. Mteja aliirudisha wakati wa masika ikiwa imepinda kiasi cha kalamu kupita chini yake, na sikuwa na la kujitetea.

Kabla ya kupiga msasa, paka sehemu nyeupe sheleki, aina ya vanishi. Vumbi la mpingo likiingia katika vinyweleo vya mbao nyeupe hulitia tanga weusi usiotoka. Vaa barakoa pia, kwa maana vumbi hilo huwasha.

Kwa kuuza, piga picha karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, na utume pia picha ya karibu ya maungio, maana hapo ndipo mnunuzi anapotambua kwamba hii si picha iliyochapwa kwa mashine wala stika. Mnunuzi anayesafiri atauliza kuhusu mpingo. Mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia, ambayo tangu 2017 karibu yote imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, ingawa bidhaa iliyokamilika yenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja imesamehewa. Mlingoti wako hautafika hata gramu 50. Hata hivyo, mpe stakabadhi inayotaja aina ya kila mbao na uzito wa picha.