SOMO: Kisiki Hai, kurudisha miti ya asili shambani bila kununua mche

Wakuu, somo hili ni kwa wenye mashamba ya ukanda mkavu: Dodoma, Singida na kwingine kwenye msimu mmoja wa mvua.

Shamba linaloonekana tupu pale Kongwa au Chamwino mara nyingi bado lina miti chini ya ardhi. Shina lilikatwa, mizizi haikufa. Mvua ikinyesha visiki vinachipua, na tukiandaa shamba tunavifyeka tena. Kule Maradi, Niger, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alianza kuwahimiza wakulima waviache tangu 1983, na leo miti imerudi kwenye mamilioni ya hekta.

1. Chagua. Fanya kiangazi, kabla ya mvua za Desemba. Tembea shamba zima na uhesabu aina, si idadi tu. Ukiacha mgunga peke yake umepata kivuli. Ukiacha mgunga, mkole, mlama na mpingo, umepata maua ya nyuki, matunda ya ndege na majani ya mbuzi kwa nyakati tofauti za mwaka. Nafasi ya mita 10 kati ya mti na mti inakupa takriban miti 40 kwa eka.

2. Pogolea. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kisiki kinaweza kuwa na machipukizi 20 yanayogombania maji. Bakiza matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, mengine kata karibu kabisa na kisiki. Kwa yaliyobaki, ondoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushuka, tawi linachana gome na wadudu wanaingia. Miaka inayofuata punguza mpaka libaki shina moja au mawili. Yanayotoka ni kuni.

3. Weka alama. Funga kitambaa cha rangi ili kibarua na mchungaji wajue mti huo una mwenyewe.

4. Tunza. Usichome mabua. Rudi kupogolea kila baada ya miezi michache.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1, wakati mvua za Dodoma zinafunga virago. Mche wa siku hiyo utaanza maisha na kiangazi, ilhali kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu. Sasa mvua zinapokatika ghafla katikati ya msimu, tofauti hiyo ni kubwa.

MASWALI

Mkuu, mtama hautakosa jua?
Ukipogolea vizuri, hapana. Kivuli chepesi kinapunguza joto la udongo. Ukiwa na mkababu, mti wa jamii ya mgunga, una bahati: wenyewe hupukutisha majani wakati wa mvua, mazao yakihitaji jua.

Huku tunalia na kwelea kwelea, ndege wanaomaliza nafaka. Si tunawajengea nyumba?
Hofu ya haki. Shinyanga misitu ilifyekwa zamani kwa sababu ya mbung'o na ndege hao hao. Lakini kwelea hulala kwenye vichaka vizito vya miiba na matete, kisha huruka mbali kwenda kula. Mti mmoja mmoja uliopogolewa si kichaka. Tena unampa kipanga na bundi pa kukaa, na panya wako watapungua.

Ng'ombe wa jirani wanamaliza kila kitu.
Zungushia matawi ya miiba uliyokata. Ila bila makubaliano ya kijiji kuhusu malisho baada ya mavuno, utachoka.

Shamba langu limelimwa kwa trekta miaka mingi, hakuna kisiki hata kimoja.
Anza na mipaka na kingo za korongo, trekta halifiki huko. Angalia na zizi la mbuzi: wanakula maganda ya mgunga na mbegu zinatoka kwenye mavi zikiwa tayari kuota. Samadi hiyo isambaze mpakani mwanzo wa mvua, halafu ukipalilia using'oe kila chenye miiba.