Drili ya kusimama ikiyumba, anza kwenye biti upande juu

Karakana iwe Malindi au Wete, upepo wa bahari unaleta chumvi, na chuma kilichoachwa bila kupanguswa hakichelewi kushika kutu. Mafundi wengi wakiona drili inayumba hukimbilia kununua beringi, kumbe tatizo ni uchafu tu. Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuruka, maana mambo ya chini ya mashine, kule kwenye biti, ni rahisi na hayana gharama kubwa kama ya juu.

Kwanza chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Umeme ukikatika ukarudi ghafla, na swichi imesahauliwa imewashwa, mashine itazunguka na mkono wako umo. Glavu usivae kabisa kwenye drili, na mikono ya kanzu au shati ikunjwe.

1. Biti. Iviringishe juu ya kipande cha kioo. Iliyopinda itacheza, na utaona mwanga unapita chini yake. Hiyo haina dawa. Iliyo butu inoe, lakini kama unatoboa shaba ya mapambo ya milango, tahadhari: biti kali hujichimbia kwenye shaba na kuinyakua kazi mkononi. Pitisha jiwe la kunolea kwenye kingo zake mbili za kukatia, uzilaze kidogo tu, na kazi uibane kwa jiriwa.

2. Kibanio cha biti. Fungua meno yote matatu, safisha kwa brashi na mafuta ya taa, yakauke. Ukirudisha biti, kaza kwa ufunguo kwenye matundu yote matatu, si moja. Kisha toa ufunguo.

3. Kibanio kinachodondoka. Hapa ndipo watu wanapopotea khasa. Kwenye mashine nyingi kibanio hakishikwi na skrubu wala nati. Kinashikwa na mkia uliochongoka kidogo, unaoingia kwenye tundu la umbo hilo hilo ndani ya shafti, chuma kikashikana na chuma. Chembe ya vumbi ikiingia katikati, mkia hauketi sawa: biti itayumba, na siku moja kibanio kitaanguka.

Kitoe kwa kabari kupitia mwanya wa ubavuni mwa shafti, huku mkono wa pili umekishika. Pangusa mkia na tundu kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi. Oili hapa haitakiwi. Wengi huipaka kwa kuogopa kutu, na oili hiyo hiyo ndiyo inayokiangusha.

Sasa chora mistari ya kalamu kwa urefu wa mkia, uingize, uzungushe kidogo, utoe. Mistari ikifutika kuanzia juu mpaka chini, mkia ni mzima. Ikifutika upande mmoja tu, kuna donge la kutu au mkia umeumia. Ukiridhika, pangusa tena, rudisha meno ya kibanio ndani kabisa yasipigwe, kisha piga kutoka chini kwa nyundo ya mbao. Pigo moja zito linatosha.

4. Tundu linalokwenda upande. Meza haiko sawa na shafti. Kunja kipande cha waya mgumu, ukibane mahali pa biti, ncha yake iguse meza kwa mbali. Zungusha kwa mkono: ncha iguse vilevile mbele, nyuma, kulia na kushoto. Pasipogusa ndipo palipoinama. Legeza bolti ya meza, rekebisha, kaza, pima tena.

5. Beringi. Sasa ndipo uifikirie. Teremsha shafti, isukume huku na huku. Ikicheza, au ukiondoa mkanda ukaizungusha na ikakwaruza, beringi imekwisha. Namba imechongwa ubavuni, mfano 6203, yaani tundu mm 17, nje mm 40, unene mm 12. Chukua yenye alama ya 2RS, iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili. Kwa chumvi yetu inadumu zaidi.

6. Mkanda na kasi. Mkanda ukilia, unateleza: vuta mota nyuma kidogo ukaze. Biti ikitoa moshi, kasi imezidi, basi hamisha mkanda kwenye puli za kasi ndogo. Kwa chuma laini, biti ya mm 10 inataka mizunguko kama 800 kwa dakika, ya mm 6 kama 1,300.

7. Mota inanguruma haizunguki. Zima na uchomoe upesi, itaungua. Kama umeitumia kwa waya mrefu mwembamba, jaribu soketi ya karibu. Kama mashine ni mtumba wa Japani, soma kibao chake kwanza, maana kule umeme wa majumbani ni volti 100, kwetu 230 hadi 240. Kama shafti inazunguka vizuri kwa mkono, mshuku kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Hubaki na umeme hata plagi ikiwa nje, basi usiiguse. Muachie fundi umeme aipime.