Somo: Gari ya zamani inatetemeka silensa, leo inasumbua, kesho imetulia

Mwangaluka wakuu. Silensa ni pale injini inaunguruma bila wewe kukanyaga mafuta. Somo hili ni la wenye gari zenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi: Corolla 100 na 110, Carina Ti na jamaa zao wa injini ya 4A na 5A. Ugonjwa wenyewe mnaujua. Asubuhi gari imetulia, unafika stendi unasimama abiria wavuke, injini inaanza kutikisika hadi kioo cha pembeni kinacheza, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaporomoka hadi 500. Ukiipeleka kwa fundi, kimya kama maji mtungini.

Gari inayomisi, yaani silinda inakosa kuwaka, saa zote ni kazi nyepesi. Hii ya kuja na kuondoka ndiyo inayokausha mfuko, maana ukibadili kifaa chochote inatulia siku mbili na wewe unashangilia. Kwa hiyo usinunue kitu kabla hujajua inasumbua lini.

Hatua ya 1: Andika
Weka daftari garini wiki moja. Andika ilikuwa ya moto au ya baridi, AC imewashwa au la, mvua, ulijaza mafuta lini. Ikisumbua kwenye unyevu, anza na waya za plagi. Ikisumbua ikishapata moto, anza na mipira ya vakyumu, ile myembamba ya hewa. Ikiwa baridi tu, fikiria sensa ya joto la maji au vali inayorekebisha silensa.

Hatua ya 2: Soma taa ya injini
Kwenye Corolla 100 fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Hesabu taa inavyopepesa. Mara tatu, kituo, mara moja ni 31, mepu sensa, ile inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini). Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hiyo haina maana gari ni nzima! Mpira uliopasuka kidogo hauwashi taa.

Hatua ya 3: Visima vya plagi
Hapa msiwe na haraka. Zima injini, chomoa waya za plagi moja moja kwa kushika kofia yake, usivute waya. Mulika tochi kisimani. Injini hizi gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ikizeeka, oili inashuka humo na plagi inaogelea. Ukichomoa waya na ncha yake ikatoka inang'aa oili, umeshapata mshukiwa mkubwa. Badili gasketi pamoja na mipira ya visima, safisha oili kabla ya kufungua plagi, la sivyo inamwagikia ndani ya silinda.

Waya pima ukinzani wake kwa mita ya umeme: ukizidi kiloomu 25, tupa. Plagi yenye 11 mwishoni mwa namba yake inataka nafasi ya mm 1.1. Kisha usiku wa giza, injini ikiunguruma, pulizia maji kama ukungu juu ya waya, ukae mbali. Waya mbovu itakuonyesha cheche za bluu zikirukia chuma. Mkono usiguse, umeme ule unarusha mtu.

Hatua ya 4: Mipira ya vakyumu
Yangu iliniumbua hapa. Nilibadili plagi mara mbili, nikasafisha nozeli zinazopulizia mafuta, fundi mmoja akashauri ninunue kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Plagi kila nikizitoa ni nyeusi kama sufuria ya mkaa na ekzosi inanuka petroli. Kumbe kampira kembamba kanachotoka manifoldi kwenda mepu sensa kalikuwa na ufa wa punje ya mchele, mwishoni kabisa, kanapokaza chuma. Kakiwa baridi kanajifunga. Kakipata joto kanalainika, kanavuta hewa, sensa inadhani injini imebebeshwa mzigo, kompyuta inamwaga mafuta. Nilikata mpira mpya wa sentimita chache, basi.

Kagua kila mpira kwa kuukunja, hasa ncha zake. Injini ikitetemeka, dondoshea maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo. Petroli usitumie kwa kazi hii.

Hatua ya 5: Throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) na vali ya silensa safisha, masizi huzibana. Mafuta ya chupa barabarani epuka.

MASWALI

Mwanachama wa Urambo: Shikamoo fundi. Mimi nina IST, haina distribyuta.
Jibu: Marahaba. Kila plagi yako ina koili yake ya kuzalisha umeme. Mashine ya kusoma makosa ikisoma P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi, hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu. Ikisoma P0303 sasa, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, angalia plagi na nozeli ya kwanza.

Mwanachama wa Kaliua: Vumbi la huku linaziba ea klina. Si ndiyo chanzo?
Jibu: Badilisha, lakini silensa injini inavuta hewa kidogo sana, ea klina chafu haiitikisi hivyo. Ubovu wake utauona ukipanda mlima.

Mwanachama wa Ipuli: Mkuu, fundi kapandisha silensa kwa skrubu, imetulia.
Jibu: Ameficha ugonjwa. Rudisha ilipokuwa, kwenye 800 hivi, tutafute.

Mwanachama wa Nzega: Yangu ni otomatiki. Kwenye N imetulia, kwenye D nikikanyaga breki usukani unatetemeka, RPM haichezi.
Jibu: Anza na mauntingi, mipira inayoshikilia injini, kaka. Mtu akanyage breki, aweke D, kisha R, wewe simama pembeni utazame injini. Ikiruka juu kama inataka kutoka, mpira umekatika.

Mwanachama wa Ipuli: Ya kwangu nikuletee lini?
Jibu: Siku itakayoanza kutetemeka. Njoo nayo hivyo hivyo, na usiizime njiani.