Kurekodi kazi ya wanafunzi kwa simu: mwongozo kwa mwalimu wa darasa

Walimu wenzangu wa huku Ahero, Kisumu, hupenda kuuliza ni kozi gani ya kompyuta itakayowafaa. Mimi huwaambia waanze na simu waliyo nayo, somo moja na wanafunzi watatu. Vyeti vya semina tunavyo tele. Kinachokosekana ni ushahidi wa kile mtoto alichoelewa, na picha ya darasa zima likitabasamu si ushahidi wa chochote.

Hatua ya 1: Tafuta idhini

Usiguse kamera kabla ya hapa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha na sauti yake ni data. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Andika fomu ya nusu ukurasa kwa Kiswahili na Kijaluo: utarekodi nini, nani ataona, utafuta lini. Nakala moja ikae kwa mwalimu mkuu. Mzazi akikataa, mtoto afanye kazi ileile na wenzake. Maelezo yake utayaandika daftarini.

Hatua ya 2: Andaa swali

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hupita mbio. Tuseme Gredi ya 4 wamepanda mboga za managu kwenye magunia. Ukipiga picha ya gunia lililostawi, umeonyesha kwamba managu huota, jambo ambalo kila nyanya wa huku kwetu Kano analijua. Muulize mtoto badala yake: "Kwa nini mmeweka mawe katikati ya gunia?" Mmoja atasema ni ili gunia lisianguke. Mwingine atasema maji hupita kwenye mawe yakafika hadi mizizi ya chini. Gunia ni lilelile, lakini uelewa ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo huipati pichani.

Andika swali hilo kwenye andalio la somo, pamoja na jibu unalolitarajia. Ongeza swali la pili la kuchimbua: "Umejuaje?" au "Tukiyatoa mawe, itakuwaje?"

Hatua ya 3: Tayarisha simu

Punguza ubora wa video hadi 720p. Dakika moja ya 1080p inaweza kuzidi MB 100, na bando ni lako, si la serikali. Zima kipengele cha kamera kinachohifadhi mahali picha ilipopigiwa. Washa hali ya ndege ili simu isilie katikati ya jibu. Futa lenzi kwa kitambaa. Vumbi la chaki hufanya kila kitu kionekane kama kiko ndani ya ukungu.

Hatua ya 4: Rekodi

Elekeza kamera kwenye mikono na kazi, si usoni. Mtoto huongea kwa uhuru zaidi, na faragha yake hulindika. Mvua ikinyesha juu ya mabati, acha; hutasikia neno. Dakika moja yatosha. Akinyamaza, nyamaza naye. Mwalimu anayemmalizia mtoto sentensi amejirekodi mwenyewe. Lugha yoyote atakayojieleza nayo ni sawa, kwani unapima kilimo.

Hatua ya 5: Hifadhi

Lipe faili jina siku hiyohiyo: gredi, somo, wiki, namba ya mwanafunzi. Jina la mtoto lisionekane. Google Drive hutoa GB 15 bila malipo, lakini barua pepe zako nazo hula nafasi hiyo. Hakikisha folda inafunguliwa na uliowaruhusu tu.

Hatua ya 6: Mshirikishe mzazi

Mtumie mzazi husika peke yake. Kundi la WhatsApp la darasa si mahali pake: huko watoto hulinganishwa, na video ikishatoka huirudishi. Ambatanisha sentensi mbili: mtoto ameelewa nini, na nyumbani aulizwe nini. Mzazi mwenye kabambe, simu ndogo isiyopokea video, mpigie, au umwonyeshe siku akija shuleni. Wapo ambao hawajawahi kupokea simu ya mwalimu isiyohusu karo au utovu wa nidhamu, kwa hiyo anza kwa kumtoa wasiwasi.

Hatua ya 7: Keti na mwenzako

Mchague mwalimu mmoja. Tazameni rekodi tatu bila kusema neno, kisha kila mmoja aandike kiwango anachompa mtoto: amezidi matarajio, amefikia, anakaribia au yuko mbali. Mkitofautiana, rudieni rekodi na mtaje maneno ya mtoto yaliyowafanya muamue hivyo. Mabishano hayo ya robo saa ndiyo mafunzo yenyewe, na kwenye TPAD, tathmini ya utendaji wa mwalimu, utakuwa na la kuandika.

Baada ya wiki chache warekodi walewale kwa swali linalofanana. Tarehe ya kufuta ikifika, futa kwenye simu na kwenye Drive, kisha ufungue pipa la taka la Drive ulisafishe, maana faili hukaa humo siku 30 zaidi.